Tunduma Walisema Kauza Mapafu kwa Wazungu, Kumbe Kasaini Karatasi

Tunduma hakuna siri. Mji umekaa mdomoni mwa mpaka, malori yamepanga foleni, na kila dereva anayesubiri muhuri ana simu mkononi na muda wa kupoteza. Stori ikitoka Sogea asubuhi, mchana iko Mpemba, jioni imeshavuka Nakonde bila pasipoti. Ndiyo maana ubuyu wa kijana wa kwacha ulipoanza kusambaa, hakuna aliyeuliza umetoka wapi. Ulikuwa mtamu mno.

Ubuyu wenyewe ulikuwa hivi: mshkaji mmoja anayebadilisha hela pale mpakani, jina kapuni, hajaonekana kijiweni wiki ya tatu, na sababu ni kwamba amewauzia Wazungu wa Mbeya mapafu yake. Eti amefungiwa kwenye jengo lenye kiyoyozi, anamezeshwa vidonge ambavyo hata panya walivikataa, na kila Ijumaa anahesabiwa milioni. Wengine wakaongeza chumvi, kwamba mkataba unasema akifa ndugu hawapewi mwili. Grupu la WhatsApp la vijana wa mpakani liliwaka wiki nzima.

Sasa tulia, maana ukweli wa hii stori una mengi kuliko ubuyu.

Kijana ana miaka 27 na ni mtoto wa mjini haswa. Bunda la kwacha mkono mmoja, kikokotoo mkono mwingine, raba nyeupe hata msimu wa matope. Alianza kukohoa mwezi mmoja kabla ya yote haya. Kila akiulizwa alisema ni vumbi la malori, na nani angebisha, Tunduma vumbi ni jirani wa kila mtu. Lakini vumbi halimtoi mtu jasho usiku mpaka shuka linalowa. Vumbi halimfanyi mtu atoboe mkanda wake tundu jipya mara mbili. Mama yake ndiye aliyemwambia, "Baba, hiyo siyo vumbi. Kesho unaenda hospitali, na usiponisikia nakuja kukuchukua mwenyewe hapo kijiweni mbele ya wenzako."

Hiyo vitisho ya mwisho ndiyo iliyofanya kazi. Akaenda, akatema makohozi kwenye kikopo, mashine ikasema: kifua kikuu. TB.

Kwa wasiojua, dawa za TB Tanzania ni bure. Unameza miezi sita, minne kati ya hiyo ukiwa tayari unajisikia mzima, na hapo ndipo watu wengi wanapochoka na kuacha. Kijana alikuwa tayari kuanza. Lakini akaambiwa kuna jambo lingine la kufikiria kama anataka: kule Mbeya kuna utafiti wa dawa za TB unatafuta watu waliogundulika karibuni na hawajaanza dawa. Halazimishwi. Akikataa, anaanza dawa za kawaida leo leo, hapo hapo.

Akaomba siku mbili. Siku mbili hizo hakulala, na siyo kwa sababu ya kikohozi.

Nyumbani kikao kilikaa. Mama hakutaka kusikia. Mjomba alisema "majaribio" ni neno la gari na mtihani wa darasa la saba, siyo la mtoto wa dada yake. Shangazi wa Mwanjelwa, ambaye miaka ya nyuma alimzika mume wake kwa TB iliyogoma dawa, alisema kitu kimoja tu kwenye simu: "Mwacheni aende akaulize. Kuuliza hakuumi."

Akaenda akauliza. Alikaa na nesi wa utafiti karibu asubuhi nzima, na karatasi aliyopewa ilikuwa ya Kiswahili, kurasa nyingi, siyo moja ya kusaini haraka haraka. Mwenyewe anasema alijifanya yuko kijiweni, anamsikiliza mtu anayetaka kumpiga kwenye kubadilisha hela. Kila sentensi aliigeuza aangalie nyuma yake.

"Dada, hiyo dawa mpya ikishindwa, mimi nafanywaje?"

Akajibiwa kwamba watampima makohozi mara kwa mara, na ikionekana haimfai anarudishwa kwenye dawa za kawaida.

"Na nikichoka katikati?"

"Unaacha, kaka. Hutatoa sababu, na matibabu yako ya kawaida yako pale pale."

"Hela?"

Nauli na kitu kidogo cha kufidia siku aliyoipoteza. Milioni za Ijumaa hazipo. Tena nesi alimweleza kitu ambacho kilimshangaza: hela ikiwa nyingi mno ni kosa, kwa sababu mwenye njaa atasaini hata asichokielewa.

Kisha likaja jambo la kura. Kwenye utafiti wa namna hii hakuna daktari anayechagua nani ale nini. Kompyuta ndiyo inapanga: wengine wanapata dawa mpya au dozi mpya, wengine wanapata zile zile za miezi sita ambazo kila kituo cha afya kinatoa. Bila kundi la pili hujui kama la kwanza limepona kwa sababu ya dawa mpya au wangepona tu. Kuna tafiti ambazo mgonjwa hajui yuko upande gani. Huu wa kwake ulikuwa wa wazi, unajua unachomeza.

Akasaini. Kompyuta ikapiga kura. Na sasa, wana wa grupu la WhatsApp, shikilieni viti: aliangukia kundi la dawa za kawaida. Zile zile. Mapafu yaliyouzwa kwa Wazungu yalikuwa yanatibiwa na vidonge ambavyo angevipata Tunduma kwa mguu.

Tofauti ilikuwa kwenye ufuatiliaji. Vipimo vya damu kuangalia ini, kipimo cha umeme wa moyo, makohozi kila baada ya muda yanaoteshwa maabara kuona kama bado kuna mdudu hai, na huko kuotesha kunaweza kuchukua wiki sita. Mtu kama huyo hawezi kukaa Tunduma, safari ya kilomita mia na ushee kila mara na yuko dhoofu. Ndiyo maana alihamia kwa shangazi Mwanjelwa. Jengo lenye kiyoyozi lilikuwa chumba cha nyuma chenye dirisha moja, ambalo shangazi aliamuru liwe wazi mchana na usiku, Mbeya hiyo yenye baridi ya kung'ata.

Siku moja rafiki yake wa kijiweni akapita Mbeya kumsalimia, akaingia chooni baada yake, akatoka amekodoa macho. Mkojo rangi ya Fanta! Kufika Tunduma habari ikawa: "Damu yake inageuka, nimeona kwa macho yangu." Hakuna aliyemwambia kwamba rifampisini, dawa ya TB ambayo mamilioni wameimeza, hugeuza mkojo kuwa wa machungwa kwa kila mtu. Ukiona hivyo siyo sumu, ni dawa imefika.

Hadi hapo ni vichekesho. Penye kuuma ni hapa.

Kijana alikuwa na mchumba, dada wa saluni kule Vwawa. Barua ilishapelekwa, kikao cha mahari kilikuwa kimebaki tarehe tu. Hakumwambia chochote. Siyo TB, siyo utafiti. Alimwambia amekwenda Mbeya kufuata mzigo. Alipanga amwambie akishapona, kama stori ya zamani ya kuchekea. Dada wa watu akaipata kwenye simu ya mteja wake, mteja yuko chini ya draya anacheka: "Huyu si shemeji yetu huyu?" Picha ya kijana akiwa amevaa barakoa stendi, na maneno chini yake yasiyoandikika hapa.

Baba yake akasimamisha kila kitu. Ukoo ukasema mtu aliyeuza mwili wake hawezi kulipa mahari. Lakini dada mwenyewe, alipoongea na kijana hatimaye, hakutaja Wazungu wala mapafu. Alisema: "Ulikaa na mimi mezani unakohoa. Na mimi nina mapafu. Kwa nini nimepimwa kwa sababu ya grupu la WhatsApp na siyo kwa sababu umeniambia wewe?"

Kajibu hilo, kama unaweza. Alipimwa, hana TB, Mungu mkubwa. Ila swali lake lilibaki linaelea. Kijana alimuuliza nesi wa utafiti maswali ishirini kabla ya kusaini, akataka aambiwe kila hatari kwa lugha anayoielewa, kwa sababu mwili ni wake. Mtu wake wa karibu hakumpa hata sentensi moja.

Tukirudi kwa wale wa kijiweni, tusiwacheke sana. Woga wao una mizizi. Mwaka 1996 kule Kano, kaskazini mwa Nigeria, kulikuwa na mlipuko mkubwa wa homa ya uti wa mgongo. Kampuni ya Pfizer ikaenda kujaribu antibayotiki yake mpya, trovafloksasini, kwa watoto 200: nusu wakapewa hiyo, nusu wakapewa dawa iliyokuwa inajulikana tayari. Watoto 11 walifariki, 5 upande wa dawa mpya na 6 upande wa ile nyingine. Familia zikasema hazikuelezwa kwamba watoto wao wako kwenye majaribio. Kampuni ikakana kufanya kosa. Kesi ikazunguka miaka na miaka, mpaka 2009 kampuni ilipokubaliana na serikali ya jimbo la Kano malipo ya dola milioni 75. Angalia vizuri kilichowachoma wazazi: ugonjwa ule ulikuwa unaua hata ukitibiwa, lakini wao walisema hawakuulizwa.

Na siyo Afrika peke yake. Utafiti maarufu wa streptomaisini kwa TB kule Uingereza, ripoti yake ilitoka 1948, ulikuwa na wagonjwa 107. Kati yao 55 walipewa dawa na kupumzika kitandani, 52 wakapewa kitanda tu, kwa sababu dawa ilikuwa haba nchini. Wale wa kitanda tu hawakujua kabisa kwamba wako kwenye utafiti. Leo kitu hicho hakipiti. Hapa kwetu utafiti wa dawa lazima upite kwenye kamati ya maadili ya NIMR na upate kibali cha TMDA, na tafiti kubwa huwa na kamati huru inayochungulia takwimu katikati ya safari, yenye mamlaka ya kusema simamisheni.

Sasa kuna upande ambao vijiweni hausimuliwi, na pengine ndio ulitakiwa uanze.

Zamani TB ilikuwa inatibiwa mwaka mmoja na nusu. Miezi 18! Fikiria dereva wa lori, mchimba dhahabu wa Mkwajuni, mama wa kahawa Mbozi, anameza dawa miezi 18 bila kukosa. Ndipo ukafanyika utafiti mmoja Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, chini ya mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza, na matokeo yake yakachapishwa 1972. Swali lilikuwa jepesi: miezi sita inatosha? Wagonjwa wakagawanywa kwenye makundi. Wote wa miezi sita walipata streptomaisini na isoniazidi, ila kundi moja liliongezewa rifampisini, jingine pirazinamidi, jingine dawa ya tatu ya bei rahisi, na jingine halikuongezewa kitu.

Matokeo? Wale wa rifampisini, ugonjwa uliwarudia wachache sana. Wale ambao hawakuongezewa kitu, uliwarudia zaidi ya robo yao. Yaani kuna watu, Waafrika Mashariki kama wewe, walioangukia kundi ambalo halikutosha, wakaugua tena, wakatibiwa upya, na kuugua kwao ndiko kulikoonyesha dunia kwamba rifampisini na pirazinamidi ndizo zinazofupisha safari. Leo hizo dawa mbili ziko kwenye tiba ya miezi sita duniani kote. Hakuna sanamu yao Dar wala Lusaka. Majina yao hayajulikani. Pengine mmoja wao ni babu yako, aliyesema tu "nilikaa sana hospitali kipindi fulani" na hakuna mjukuu aliyeuliza zaidi.

Mbeya imeendeleza kazi hiyo. Kati ya 2008 na 2012 kulikuwa na utafiti wa wagonjwa 1,931, wakiwemo wa Mbeya, pamoja na Zambia, Kenya na nchi nyingine, kuangalia kama dawa ya moksifloksasini inaweza kushusha miezi sita iwe minne. Mwanzoni wadudu walikufa haraka, watu wakaanza kushangilia. Hesabu ya mwisho ikakataa: tiba ya miezi sita ilifanikiwa kwa asilimia 92, mbili za miezi minne zikapata 85 na 80. Ilichapishwa 2014 hivyo hivyo, bila kupaka rangi. Ungekuwa mmoja wa walioumwa tena ungesema umepoteza muda. Lakini bila jibu hilo, labda leo hospitali zingekuwa zinagawa dawa ya miezi minne isiyotosha kwa kila mtu.

Halafu ukaja mwingine Tanzania na Afrika Kusini, wagonjwa 365, ripoti ya 2017, Mbeya ikiwemo tena. Huo ulijaribu mambo kadhaa kwa pamoja, na makundi mawili yalisimamishwa njiani kwa sababu hayakuonyesha dalili ya kushinda. Kundi la rifampisini ya dozi kubwa, zaidi ya mara tatu ya kawaida, likasafisha makohozi kwa siku 48, wakati dozi ya kawaida ilichukua 62, kwa kipimo cha kati. Na mwaka 2021 utafiti mwingine, uliokuwa na vituo Kenya na Uganda pia, hatimaye ulionyesha miezi minne inawezekana, kwa kuchanganya moksifloksasini na ndugu wa rifampisini anayeitwa rifapentini. Umeona ngazi? Wa 2021 amesimama juu ya bega la aliyeshindwa 2014, naye amesimama juu ya wa 1972.

Kijana wa kwacha alielezwa hayo kwa kifupi siku alipolalamika kwamba ameangukia kundi la dawa za zamani, kwamba amekuja mpaka Mbeya kula chakula alichokiacha nyumbani. Nesi akamwambia: "Kaka, wewe ndiye mizani. Bila wewe hatujui mwenzako amepima kilo ngapi." Mtu wa kikokotoo akaelewa papo hapo.

Kwa hiyo ukija kuambiwa siku moja kuna utafiti, usikimbie na usisaini kwa mbio. Uliza nani ametoa kibali, na uonyeshwe. Uliza makundi ni mangapi na lipi ni tiba ya kawaida. Uliza ukidhurika nani anagharamia. Uliza namba ya kupiga saa nane za usiku. Omba karatasi uende nayo nyumbani ukaisome na mtu anayekupenda, na anayekuambia saini sasa hivi gari linaondoka, mwache na gari lake.

Miezi sita iliisha. Kilo zilirudi, matundu mawili ya mkanda hayatumiki tena. Makohozi yake maabara hayaoti kitu. Bado anaitwa kupimwa mara chache, kwa sababu lazima wahakikishe mdudu hajajificha, na anaenda mwenyewe. Kijiweni wamempa jina jipya, Profesa, na ubuyu wa milioni umekufa kwa njaa baada ya watu kuona bado anakopa vocha.

Mahari haijapangwa tarehe. Dada wa Vwawa hajasema ndiyo wala hapana. Amempa sharti moja: aende yeye mwenyewe kwa wazazi wake, akae chini, awaeleze TB ni nini, utafiti ni nini, na kwa nini alinyamaza. Bila mshenga wala mjomba. Kijana anasema kusaini karatasi ya kurasa zote zile kulikuwa kwepesi kuliko hilo.

Swali la leo kwa wadau: mtu wako akificha ugonjwa ili asikutie hofu, anakulinda au anakunyima haki ya kuchagua? Na wewe ungesaini? Tiririka hapo chini, matusi hapana.